Umbali na Muda wa Safari kati ya Viwanja vya Ndege Vilivyo Mbali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Umbali kati ya viwanja viwili vya ndege ni namba moja isiyobadilika. Muda wa kuruka kati yake hubadilika kila siku, na wa kwenda haufanani na wa kurudi. Maswali mengi yaliyo hapa chini huzaliwa pale watu wanapoichukulia namba ya pili kana kwamba ni ya kwanza.

Ili kuepusha mkanganyiko, saa za ukutani zimeandikwa kwa tarakimu nne, kama 14:30. Palipoandikwa "saa 14" bila nukta mbili, maana yake ni urefu wa muda.

## Umbali wenyewe

1. Umbali kati ya viwanja viwili hupimwa kutoka wapi hadi wapi?

Kila kiwanja kina nukta rasmi ya rejea yenye latitudo na longitudo yake, mara nyingi karibu na kitovu cha barabara zake za kurukia. Umbali hupimwa kutoka nukta hiyo hadi nukta ya kiwanja kingine, juu ya uso wa dunia. Hauhusiani na jengo watakaloingilia abiria wala na urefu ambao ndege itapanda. Kupaa hadi kilomita 11 juu hakuongezi kitu cha maana kwenye safari ya kilomita 8,000.

2. Kwa nini natakiwa kutumia msimbo wa kiwanja badala ya jina la mji?

Kwa sababu majina ya miji hurudiwa. Sydney ya Australia ni SYD, lakini ipo Sydney nyingine mashariki mwa Kanada, yenye msimbo YQY. Birmingham ya Uingereza ni BHX, ya Alabama ni BHM. San José ya Costa Rica ni SJO, San Jose ya California ni SJC: herufi moja tu, na wapo waliokwisha kununua tiketi ya nchi wasiyoikusudia. Umbali ukikushangaza, kagua msimbo kwanza kabla ya kulaumu kikokotoo.

Tatizo la pili ni mji mmoja wenye viwanja kadhaa. London ina LHR, LGW, STN, LTN na vingine; Tokyo ina HND na NRT, vilivyotengana kwa takriban kilomita 60. Kwenye safari ya kilomita 9,000, kilomita 60 hazionekani. Kwa mtu anayetua NRT na kuunganisha safari HND, hizo ndizo kilomita ngumu kuliko zote.

3. Mbona mstari wa njia umepinda kwenye ramani? Si wangepita moja kwa moja?

Wanapita moja kwa moja. Ramani ndiyo iliyopinda. Dunia ni duara, na njia fupi kati ya nukta mbili juu ya duara hufuata kile kinachoitwa duara kuu, yaani mkato unaopita katikati ya dunia. Ukilitandaza duara hilo juu ya karatasi bapa, njia hiyo huonekana kama upinde unaopanda kuelekea ncha ya karibu. Ndiyo maana ndege za Tokyo kwenda New York hukaribia Alaska, na za Dubai kwenda Los Angeles zinaweza kupita maeneo ya Aktiki.

Chukua tufe la dunia na uzi. Shikilia ncha za uzi kwenye viwanja viwili, kisha uvute mpaka ukaze. Uzi ukishakaza, hiyo ndiyo njia. Hakuna maelezo yanayoshinda jaribio hilo.

4. Tovuti mbili zinanipa umbali tofauti kwa viwanja vilevile. Ipi nisadiki?

Kagua kipimo kwanza. Maili ya kawaida ni kilomita 1.609, maili ya baharini, inayotumiwa na marubani, ni kilomita 1.852. Tovuti ikiandika "maili" bila kufafanua, tofauti ya asilimia 15 inaweza kujificha hapo.

Vipimo vikilingana na bado kuna tofauti ndogo, sababu ni umbo la dunia lililotumika. Vikokotoo vyepesi huichukulia dunia kuwa tufe kamili lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Vilivyo makini zaidi hutumia umbo lililobonyea kidogo kwenye ncha, linaloitwa WGS84, ambalo ndilo la GPS. London Heathrow hadi New York JFK ni karibu kilomita 5,540 kwa tufe na karibu 5,555 kwa WGS84. Zote mbili ni sawa kwa matumizi ya msafiri. Tofauti ya kilomita 15 ni dakika moja ya kuruka. Makosa ya tufe kwa kawaida hayazidi nusu ya asilimia.

Tofauti ikiwa ya mamia ya kilomita, basi mojawapo inapima mji badala ya kiwanja, au inakupa umbali wa barabara, au imechukua kiwanja kingine (swali la 2).

5. Naweza kukokotoa umbali mwenyewe?

Ndiyo, kwa kikokotoo chochote chenye sin na cos kilichowekwa kwenye digrii. Unahitaji latitudo na longitudo za viwanja viwili. Kaskazini na mashariki ni chanya, kusini na magharibi ni hasi. Kanuni ni hii, d ikiwa umbali kwa digrii:

cos d = (sin lat1 × sin lat2) + (cos lat1 × cos lat2 × cos ya tofauti ya longitudo)

Tuchukue Heathrow (51.47, −0.45) na JFK (40.64, −73.78). Tofauti ya longitudo ni 73.33. Sehemu ya kwanza ni 0.7823 × 0.6513, sawa na 0.5095. Sehemu ya pili ni 0.6229 × 0.7588 × 0.2869, sawa na 0.1356. Jumla ni 0.6451. Kitufe cha cos⁻¹ kitakupa digrii 49.83. Zidisha kwa 111.195, ambazo ni kilomita za digrii moja ya duara kuu, utapata karibu kilomita 5,540.

Hukosewa sana mahali pawili. La kwanza ni kusahau alama hasi: ukiiandika JFK kama +73.78 umeihamishia Asia. La pili ni kuacha kikokotoo kwenye radiani. Ukipata jibu lisiloingia akilini, kama kilomita 90, tatizo ni mojawapo ya hayo. Tena usijaribu kanuni ya pembetatu ya kawaida juu ya digrii: digrii ya longitudo ni kilomita 111 kwenye ikweta lakini ni nusu tu ya hapo kwenye latitudo ya 60.

6. Umbali mrefu kabisa unaowezekana ni upi?

Karibu kilomita 20,000, yaani nusu ya mzingo wa dunia. Ukizidi hapo, umeanza kurudi kwa upande wa pili. Madrid na Wellington hukaribia sana kikomo hicho, kwa takriban kilomita 19,850.

Safari ndefu za ratiba zisizosimama njiani bado ziko chini ya hapo. Singapore hadi JFK ni karibu kilomita 15,350, na huduma hiyo ilianza Novemba 2020 kwa ndege ya Airbus A350-900ULR, ambayo mifumo yake ya mafuta imerekebishwa ibebe zaidi ya kawaida. Auckland hadi Doha ni karibu 14,535, na Perth hadi London Heathrow karibu 14,500. London hadi Sydney, karibu kilomita 17,000, ilikwisha kurukwa bila kusimama Agosti 1989 na Boeing 747-400 mpya ya Qantas kwa saa 20 na dakika 9, ila haikuwa na abiria wa kulipa. Kufika huko ni jambo moja, kufika ukiwa na watu na mizigo ya kutosha kulipa gharama ni jambo jingine.

7. Je, ndege hufuata duara kuu hasa?

Si sana. Duara kuu ni kiwango cha chini kabisa. Njia halisi huwa ndefu zaidi kwa asilimia chache, na mara nyingine kwa mengi. Ndege hupaa kuelekea upepo unakotoka, si upande wa inakokwenda, na hutua vivyo hivyo. Huzunguka anga zilizofungwa, maeneo ya kijeshi na mawingu ya radi. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, njia hupangwa upya kila siku kulingana na upepo.

Tena njia ndefu inaweza kuwa ya haraka. Singapore–JFK ikifuata duara kuu ingepita jirani kabisa na Ncha ya Kaskazini, lakini kwa kawaida hupangwa juu ya Pasifiki au Atlantiki, ikiongeza mamia ya kilomita, kwa ajili ya kubebwa na upepo. Anayepanga safari ya ndege hutafuta muda mfupi na mafuta machache. Kilomita chache ni jambo la baadaye.

## Muda wa angani

8. Nikijua umbali, nakadiriaje muda?

Ongeza asilimia 4 kwenye umbali kwa ajili ya mizunguko, gawanya kwa 900, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka, maana nyakati hizo ndege haijafikia mwendo wake. Huo ni muda wa hewani. Ongeza nusu saa nyingine ya ndege kutembea ardhini, upate muda wa lango hadi lango (swali la 12).

Kwa kilomita 5,540: ukiongeza asilimia 4 unapata 5,762, gawanya kwa 900, ni saa 6 na dakika 24, ongeza nusu saa, ni saa 6 na dakika 54 hewani, lango hadi lango ni kama saa 7 na dakika 24. Ratiba za London–New York huwa karibu saa 8 kwenda magharibi na karibu 7 kurudi, kwa hiyo kadirio limeangukia katikati, panapostahili.

Kilomita 900 kwa saa ni mwendo wa ndege kubwa za masafa marefu kama A350, 787 na 777, zinazosafiri kwa karibu 0.85 ya kasi ya sauti. Kwa ndege ndogo zaidi kama A320 au 737 tumia 830. Kwenye njia zinazozidi kilomita 10,000, kadirio hili linaweza kukosea kwa saa nzima au zaidi, hasa kwa sababu ya upepo.

9. Kwa nini kwenda na kurudi havilingani?

Upepo. Katika latitudo za kati, kaskazini na kusini mwa ikweta pia, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki kwenye urefu uleule ambao ndege husafiri, takriban kilomita 9 hadi 12. Kasi ya kilomita 150 au 200 kwa saa ni ya kawaida, na wakati wa baridi hupita 300. Ndege inayokwenda mashariki huupata mgongoni. Inayokwenda magharibi huupata usoni.

Johannesburg hadi Sydney, karibu kilomita 11,050, huchukua karibu saa 12. Kurudi ni karibu saa 14. Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, Boeing 747 ya British Airways ilitoka JFK hadi Heathrow kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huzidi saa 6 hewani.

Wengi hudhani kwamba upepo ukikupa wakati wa kwenda na kukunyang'anya wakati wa kurudi, mwishowe ni sare. Si kweli. Chukua kilomita 5,540, mwendo wa 900 na upepo wa 100. Kwenda ni 5,540 ÷ 1,000, saa 5 na dakika 32. Kurudi ni 5,540 ÷ 800, saa 6 na dakika 55. Jumla saa 12 na dakika 27 hivi. Bila upepo ingekuwa saa 12 na dakika 19. Upepo huchukua zaidi ya unachotoa, kwa sababu unatumia muda mrefu zaidi ukipambana nao kuliko ukibebwa.

Njia za kaskazini–kusini huathirika kidogo tu, na zinazoambaa karibu na ikweta pia.

10. Si dunia inazunguka? Ndege ikienda magharibi, mji si unaifuata?

Hapana. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo tangu ilipokuwa imesimama langoni. Kinachobaki ni upepo, yaani mwendo wa hewa ukilinganishwa na ardhi.

11. Skrini ya kiti inaonyesha kilomita 1,150 kwa saa. Tumevuka kasi ya sauti?

Hamjavuka. Skrini inaonyesha mwendo juu ya ardhi, ambao ni mwendo wa ndege ndani ya hewa pamoja na upepo. Kwenye urefu wa kilomita 11, kasi ya sauti ni karibu kilomita 1,060 kwa saa. Ndege inakwenda 900 ndani ya hewa, na hewa yenyewe inakwenda 250. Februari 2019, Boeing 787 ya Virgin Atlantic ilisomeka maili 801 kwa saa juu ya Pennsylvania, karibu kilomita 1,290, na bado ilikuwa chini ya kasi ya sauti katika hewa iliyoizunguka.

Iliyovuka kweli ni Concorde. Tarehe 7 Februari 1996 ilitoka New York hadi London kwa saa 2, dakika 52 na sekunde 59. Iliacha kuruka mwaka 2003, na tangu hapo abiria wa kawaida hana ndege ya haraka kuliko ya nusu karne iliyopita.

12. Muda ulioandikwa kwenye tiketi ni wa hewani?

Siyo. Ni wa lango hadi lango: tangu ndege inapoanza kusukumwa kutoka lango la kupandia hadi inapoegeshwa mwisho wa safari. Ndani yake kuna kutembea hadi barabara ya kurukia, kusubiri zamu na kutafuta maegesho. Kwenye kiwanja chenye msongamano, dakika 30 za ardhini upande mmoja ni jambo la kawaida.

Kwa hiyo kuna nyakati tatu: wa hewani, wa lango hadi lango, na wa mlango wa nyumba hadi mlango wa uendako. Anayekwambia "safari ni saa 10" muulize anasema ipi kati ya hizo.

13. Tuliondoka tumechelewa dakika 30 lakini tukafika kwa wakati. Rubani alikimbiza?

Kwa sehemu kubwa, ratiba ilikuwa na akiba. Mashirika hupanga muda mrefu kidogo kuliko unaohitajika siku njema, ili ucheleweshaji mdogo umezwe humo. Rubani anaweza kuongeza mwendo, lakini nafasi ni finyu: ndege iliyojengwa kwa 0.85 ya kasi ya sauti haiendi 0.95. Matumizi ya mafuta hupanda haraka huku muda ukipungua kwa dakika chache tu. Njia ya mkato kutoka kwa waongoza ndege husaidia zaidi.

14. Kikokotoo kinanipa muda mmoja kwa kwenda na kurudi. Nikiamini?

Ukiona muda unaolingana kabisa pande zote mbili, ujue ni mgawanyo wa umbali kwa mwendo mmoja, hakuna upepo humo. Unafaa kukadiria tu. Ukitaka muda halisi, tafuta namba ya safari kwenye programu ya kufuatilia ndege, kama Flightradar24, kisha soma muda wa hewani wa siku saba zilizopita. Usichukue siku moja. Tena usichukue rekodi za Januari kupanga safari ya Julai. Mikondo ya upepo ya kaskazini huwa mikali zaidi wakati wa baridi.

## Saa, tarehe na mkanganyiko wake

15. Nahesabuje urefu wa safari kutoka saa za tiketi?

Saa za kuondoka ni za kule unakoondoka, za kufika ni za kule unakofika. Kwa hiyo huwezi kutoa moja kwa nyingine kabla ya kuzileta pamoja kwenye saa ya ulimwengu, UTC.

Mfano: unaondoka Singapore 23:30 na kufika New York 05:30 kesho yake, wakati wa baridi. Ukitazama juu juu ni saa 6. Singapore ni UTC+8, hivyo 23:30 yake ni 15:30 UTC. New York wakati huo ni UTC−5, hivyo 05:30 yake ni 10:30 UTC ya siku ya pili. Kutoka 15:30 hadi 10:30 ni saa 19.

Usisahau kwamba si kanda zote zinatofautiana kwa saa kamili. India ni UTC+5:30, na Nepal ni UTC+5:45.

16. Tiketi inasema Jumanne 00:30. Niende kiwanjani lini?

Jumatatu usiku. Kosa hili limewagharimu watu tiketi nyingi kuliko dhoruba. Tarehe kwenye tiketi hubadilika usiku wa manane, si jua linapochomoza. Kwetu usiku wa kuamkia Jumanne huitwa hivyohivyo, na bado mtu huiona "Jumanne" akajipanga kwa Jumanne jioni, wakati ndege imeshatua upande wa pili wa dunia.

Kubadili saa za tiketi kuwa za Kiswahili, toa sita: 09:00 ni saa tatu asubuhi, 20:00 ukitoa 6 ni 14, na ukitoa 12 tena ni saa mbili usiku. Zilizo chini ya sita, ongeza sita: 02:00 ni saa nane usiku, wala siyo saa mbili. 00:30 ni saa sita na nusu usiku. Unapomwandikia atakayekuja kukupokea, mwandikie kwa mitindo yote miwili pamoja na tarehe.

17. Alama ya +1 au −1 kando ya saa ya kufika ni nini?

Idadi ya siku za kalenda tofauti na siku ya kuondoka. +1 ni kesho yake, +2 ni keshokutwa yake. −1 ni jana yake, na huonekana kwenye safari zinazovuka Mstari wa Tarehe wa Kimataifa kuelekea mashariki. Hoteli iangalie tarehe ya kufika, si ya kuondoka.

18. Inawezekanaje kufika kabla ya kuondoka?

Kwa saa za ukutani tu. Ukiondoka Auckland 20:00 mwezi Juni (UTC+12), ni 08:00 UTC. Baada ya saa 12 unatua Los Angeles 20:00 UTC, na huko ni UTC−7, yaani 13:00 ya siku ileile. Umefika saa saba mchana ilhali uliondoka saa mbili usiku. Ukirudi, siku nzima itapotea, na kalenda zitakuwa sawa.

19. Mbona tofauti ya saa kati ya miji miwili imebadilika?

Kwa sababu baadhi ya nchi husogeza saa mara mbili kwa mwaka, na hazisogezi siku moja. Marekani husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. London na New York hutofautiana kwa saa 5 sehemu kubwa ya mwaka, lakini kwa wiki chache za Machi na wiki moja ya kuingia Novemba hutofautiana kwa 4. Nchi nyingi zilizo karibu na ikweta hazisogezi kabisa, kwa hiyo tofauti yao na Ulaya hubadilika ingawa wao hawajagusa saa zao.

## Safari nzima

20. "Moja kwa moja" maana yake haisimami?

Siyo lazima, na Kiswahili hakitusaidii hapa. Mifumo ya tiketi ina maneno mawili ya Kiingereza. "Non-stop" ni safari isiyotua popote. "Direct" ni safari yenye namba moja, lakini inaweza kutua njiani na kuendelea, wakati mwingine baada ya kuwashusha abiria wote. Tazama mahali palipoandikwa idadi ya vituo. Inayotakiwa ni sifuri.

21. Nikiunganisha safari, umbali na muda huongezeka kiasi gani?

Jumlisha vipande viwili vya duara kuu na ulinganishe na umbali wa moja kwa moja. Kituo kilicho karibu na mstari huongeza kidogo. Kilicho pembeni kinaweza kuongeza maelfu ya kilomita. Kisha ongeza muda wa kusubiri, ambao mara nyingi ndio mkubwa.

Kwa tiketi moja, mfumo hautakuuzia muunganiko ulio chini ya muda wa chini unaoruhusiwa kwenye kiwanja hicho, na ukiachwa shirika litakupangia ndege nyingine. Lakini muda huo wa chini ni wa siku ambayo mambo yote yamekwenda sawa. Saa 2 hadi 3 kwa safari za kimataifa ni busara. Ukiingia Marekani, kwa kawaida utapita uhamiaji na kuchukua mizigo kwenye kiwanja cha kwanza hata kama unaendelea mbele. Hapo 3 ni bora.

Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ni habari nyingine. Utapita uhamiaji, pengine utahitaji viza, utasubiri mizigo, utajiandikisha upya, na kaunta inaweza kufungwa dakika 60 kabla ya kuondoka. Hakuna anayewajibika ukichelewa. Weka saa 5 au zaidi, au lala hapo.

## Kesi za pembeni

22. Kwa nini ndege moja husimama kuongeza mafuta upande mmoja tu?

Umbali ni uleule lakini uzito unaoruhusiwa kupaa haufanani. Kiwanja kilicho juu kina hewa nyepesi: mabawa hunyanyua kidogo, injini hupungua nguvu. Ndege hulazimika kupaa ikiwa na uzito mdogo, na uzito unaopunguzwa mara nyingi ni mafuta. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Ndege za Ethiopian kwenda Washington zimekuwa zikitua njiani, huku zinazotoka Washington zikirudi bila kusimama. Joto kali huleta athari ileile, ndiyo maana safari nyingi ndefu kutoka maeneo ya joto huondoka usiku.

23. Mbona njia niliyoizoea imeongezeka kwa saa kadhaa?

Angalia anga zilizofungwa. Helsinki hadi Tokyo ni karibu kilomita 7,800, na kabla ya 2022 ilichukua karibu saa 9 na nusu kupitia Urusi. Anga hiyo ilipofungwa kwa mashirika ya Umoja wa Ulaya, safari ilipanda hadi karibu saa 13, ikipita ama kusini ama juu ya Ncha ya Kaskazini. Umbali wa kwenye kikokotoo haukubadilika hata kilomita moja. Mashirika ya nchi zisizohusika na zuio bado yanaweza kupita, kwa hiyo ndege mbili kati ya viwanja vilevile zinaweza kutofautiana sana.

24. Kwa nini baadhi ya njia hukwepa milima mirefu na bahari pana?

Juu ya uwanda wa Tibet, shida ni oksijeni. Hewa ya kabini ikitoroka, ndege inatakiwa ishuke hadi karibu mita 3,000, na ardhi ya huko iko juu kuliko hapo. Oksijeni ya barakoa za abiria kwa kawaida ni ya dakika chache tu, kama 12 hadi 20.

Baharini, ndege za injini mbili hupewa kibali kinachoeleza zinaweza kuwa mbali kiasi gani na kiwanja cha dharura zikiwa na injini moja. Vibali vya dakika 180 vimezoeleka. 777 imepata 330 na A350 hadi 370. Ndiyo maana njia za kusini kabisa, kama Santiago–Sydney, zilibaki za ndege za injini nne kwa miaka mingi.

25. Viwanja viwili vikiwa kinyume kabisa duniani, njia fupi ni ipi?

Zote. Kati ya nukta mbili zilizo kinyume, kila upande unaoanza kuuelekea una urefu uleule, karibu kilomita 20,000. Vikokotoo vingine hutapatapa hapa na kuchora mstari wa ajabu, au hukataa kutoa jibu. Kosa ni la hesabu, siyo la viwanja. Sogeza nukta moja kwa digrii moja tu, mstari utatulia. Kwa msafiri, swali hugeuka kuwa la upepo na la kituo cha kuunganishia: akielekea mashariki atabebwa na upepo, na mara nyingi atafika mapema kuliko aliyezunguka kwa magharibi.